Albert Schweitzer: Daktari Aliyetetea Vinanda Vizee

Sisi wauguzi tunamkumbuka Albert Schweitzer kwa hospitali yake ya Lambaréné, Gabon. Wengi hatujui kwamba alitetea pia vinanda vya mabomba vya makanisani.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg, Alsace, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 9 tu alipiga kinanda ibadani katika kanisa la baba yake, Günsbach. Baadaye alifundishwa na Charles-Marie Widor jijini Paris.

Wakati huo makanisa mengi ya Ulaya yalikuwa yaking'oa vinanda vya kale na kuweka vipya vya kiwandani, vyenye sauti kubwa. Mwaka 1906 Schweitzer alitoa kijitabu kupinga jambo hilo. Alieleza kwamba upepo ukisukumwa kwa nguvu mno, bomba hupiga kelele na sauti za Bach hazitofautiki tena. Aliandika barua nyingi akisihi vinanda vizee vifunguliwe, visafishwe na kutengenezwa badala ya kutupwa. Kinanda cha Silbermann cha mwaka 1741, katika kanisa la Mtakatifu Thomas, Strasbourg, ni kimojawapo alivyoviokoa.

Alipofika miaka 30 alianza kusomea udaktari. Mwaka 1913 alisafiri hadi Gabon na mkewe Helene, aliyekuwa amesomea uuguzi. Chumba chao cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye pedali za miguu, iliyokingwa kwa zinki dhidi ya unyevu, nayo ikafikishwa kwa mtumbwi. Mchana alitibu, usiku alifanya mazoezi. Aliporudi Ulaya alipiga vinanda makanisani ili kuchangia hospitali.

Hakuwa bila doa. Aliwaona Waafrika kama wadogo zake, na hilo limelaumiwa kwa haki. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, akafariki Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90.

Wapendwa, chombo kilichochoka, kama mgonjwa mzee, huhitaji kwanza mtu wa kukisikiliza kwa subira. Kabla hatujasema kitu au mtu amepitwa na wakati, tumwulize aliyemtunza.