Binti Sultani na Zawadi za Sikukuu

Krismasi inapokaribia, na tena tarehe 14 Februari, siku ya Valentine, nyumba zingine hapa Kibwezi huingia mnuno. Mama anangoja kadi, au kanga mpya, au hata nusu kilo ya nyama iliyoletwa kwa jina lake. Baba naye anajua kwamba karo ya Januari ameilipa, ndengu zimo ghalani, na mbuzi wa ntheo aliwafikisha kwa wakwe miaka mingi iliyopita. Moyoni anasema amekwisha toa. Usiku kila mmoja anageukia upande wake. Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini wote wawili wameumia.

Kabla ya kuamua nani ana haki, hebu tuyatazame maisha ya mwanamke mmoja wa pwani yetu, Bibi Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi za Kaukasi. Jamaa ya Sultani ilikuwa kubwa sana: mke mkuu, masuria wengi na watoto wengi, na kila mmoja alitazamia zawadi yake Idi inapofika. Merikebu zilizopeleka karafuu ng'ambo zilirudi na vitambaa, vito, manukato na vitu vya kuchezea.

Sasa angalia alivyofanya mzee huyo. Salme aliandika baadaye kwamba baba yake aliisimamia kazi ya kugawa zawadi yeye mwenyewe, na alitaka kujua kila mtu anapenda nini. Tena, ambaye hakuridhika aliweza kuirudisha zawadi yake na kubadilishiwa, na Sultani hakuona kwamba amevunjiwa heshima. Mtu mwenye hazina yote ile hakujifanya mganga wa kubahatisha yaliyo moyoni mwa watu wake. Aliuliza, akaambiwa.

Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856, na mama yake Salme mwaka wa 1859. Akiwa angali msichana, Salme akafahamiana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Ujerumani. Alipopata mimba, maisha yake yakawa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Ruete akamfuata mwaka uliofuata, na tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa kwa jina la Emily, wakafunga ndoa siku hiyo hiyo, wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza alifariki angali mchanga.

Fikiria, dada msomaji, mwanamke huyo anaingia Hamburg. Hapakuwa na Idi, wala udi, wala ndugu wa kumtembelea. Sikukuu ya watu wa mumewe ilikuwa Krismasi ya wakati wa baridi kali, mti ndani ya nyumba, mishumaa, na zawadi jioni ya tarehe 24 Desemba. Alilelewa kuona sikukuu kwa namna moja, mumewe kwa namna nyingine. Bahati yao ni kwamba Ruete alikuwa ameishi Zanzibar na alijua Kiswahili, hivyo walikuwa na lugha ya kuulizana.

Walijaliwa watoto watatu zaidi, wasichana wawili na mvulana mmoja. Halafu, mwezi wa Agosti 1870, Ruete alipata ajali ya tramu iliyovutwa na farasi, akafa. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: kutoka Mei 1867 hadi Agosti 1870, watu hao walipata Krismasi tatu tu katika ndoa yao.

Emily aliishi ujane kwa zaidi ya miaka 50, wala hakuolewa tena. Aliwalea watoto wake kwa shida, akafundisha Kiarabu ili apate riziki, na mwaka wa 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka wa 1885 na 1888, lakini urithi aliodai hakuupata. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la mumewe.

Tunajifunza nini? Kwanza, kila mmoja wetu ameingia katika ndoa akiwa amebeba sikukuu za nyumbani kwao. Kwa Wakamba wengi, zawadi ya ndoa ni mbuzi, na mbuzi huenda kwa wazazi wa mke. Mume aliyelelewa hivyo si bahili. Lakini mke naye hakumla mbuzi yule, na akitamani kitu kidogo kilicho chake si mtu wa anasa.

Pili, kunyamaza na kungoja mwenzako abahatishe si kipimo cha upendo. Mama, mwambie mumeo mapema, kwa upole, kabla pesa za ndengu hazijapangiwa kazi, wala usimpimie kwa mume wa jirani. Baba, uliza. Akisema kanga uliyoleta si rangi aipendayo, usikasirike. Sultani hakukasirika. Na kama mwaka huu mvua imekataa na mfuko ni mtupu, sema hivyo wazi, kisha mtembee pamoja mpaka kanisani au sokoni. Mke anayejua hali halisi hawezi kudhani amesahauliwa.

Tatu, usiahirishe sana. Nani anajua amebakiziwa Krismasi ngapi?

Katika vitu alivyoviacha yule binti wa Sultani palikuwa na kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, nacho kikazikwa pamoja naye. Mchanga hauuzwi dukani. Muulize mwenzako leo jioni, mkiisha kula: kwake yeye, kitu cha namna hiyo ni kipi?