Archibald McIndoe: Daktari Mkali Aliyewarudishia Marubani Sura Zao, na Vile Stori Yake Ilifika Hadi Wilson

Ukitaja upasuaji wa plastiki mtaani leo, wasee wengi wanafikiria masosholaiti na shepu za kununua. Lakini hii kazi haikukuzwa na watu wa kutafuta urembo. Ilikuzwa na vijana waliochomeka uso vitani, na mmoja wa waliowashughulikia ni jamaa wa New Zealand anayeitwa Archibald McIndoe.

McIndoe alizaliwa 1900 mjini Dunedin. Alisomea udaktari Otago, kisha akapata ufadhili wa kwenda Mayo Clinic, Marekani, ambako alijifunza kupasua tumbo. 1930 akahamia London na familia yake akidhani kazi inamngoja. Wapi! Alifika akapata hakuna kazi, na doo inaisha.

Aliyemwokoa ni binamu yake, Harold Gillies. Huyo ndiye aliyekuwa ametengeneza nyuso za wanajeshi waliolipuliwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Alimchukua McIndoe wafanye kazi pamoja, na hapo msee aliyekuwa tayari daktari wa upasuaji akaanza kusoma upya kama mwanafunzi. Siku hizo hakukuwa na kozi ya miaka kadhaa yenye mtihani wa mwisho vile madaktari hufanya sasa. Ulikuwa unasimama kando ya mkubwa wako thieta, unaangalia mikono yake, unasaidia, mpaka siku anakuachia kisu.

Vita vya Pili vikianza 1939, Uingereza nzima ilikuwa na madaktari wanne tu wa hii laini waliofanya kazi hiyo peke yake. McIndoe alipelekwa Hospitali ya Queen Victoria, kwenye mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London.

1940 ngori ikaanza. Ndege za kivita zilikuwa na tangi la mafuta karibu kabisa na rubani. Ikipigwa risasi, moto unamrukia usoni na mikononi. Vijana wadogo tu, wengine hata miaka 20 bado, waliletwa wakiwa hawana kope, pua wala midomo.

Wakati huo madaktari walikuwa wanapaka vidonda vya moto asidi ya tanini, ambayo hukausha ngozi hadi inakuwa ngumu kama ya kiatu. Vidole vilikuwa vinajikunja na havirudi tena. McIndoe aligundua kitu: marubani walioanguka baharini vidonda vyao vilipona poa kuliko wa nchi kavu. Akapiga vita ile asidi, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwenye maji ya chumvi.

Halafu kulikuwa na kazi yenyewe ya kujenga uso. Kipande cha ngozi kinakunjwa kama mrija, upande mmoja unabaki umeshikana na mwili ili damu ipite, upande wa pili unashonwa pale pua inahitajika. Unangoja wiki kadhaa, ndio ukate. Msee mmoja angeweza kurudi thieta mara nyingi kwa miaka. Mtu anatembea na bomba la ngozi limening'inia usoni, na bado ana maisha ya kuishi.

Hapo ndipo McIndoe alionyesha akili. Alijua kurekebisha ngozi pekee haitoshi kama kijana anaogopa kutoka nje. Akaruhusu pipa la bia wodini. Akaondoa sheria ya kuvaa nguo za wagonjwa, wakavaa sare zao za jeshi. Wengine aliwaruhusu waingie thieta waone vile wenzao wanafanyiwa. Akaongea na watu wa mji wawaalike nyumbani bila kuwakodolea macho. Mji ulikubali.

1941 wagonjwa wakaanzisha mbogi yao, Guinea Pig Club, jina la yule mnyama mdogo wa majaribio ya maabara. Mweka hazina wa kwanza walimchagua kwa sababu miguu yake ilikuwa imeungua, hangeweza kutoroka na chapaa! Vita vikiisha, wanachama walikuwa 649.

McIndoe alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1947. Lakini hakuishia Uingereza. Alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko alikaa chini na madaktari wawili waliojifunza kazi kwake: Michael Wood aliyeishi Kenya, na Mmarekani Tom Rees. Walijiuliza vile mgonjwa wa kijijini atafikiwa na daktari wa upasuaji kama barabara hakuna. Jibu lao lilikuwa ndege. 1957 shirika likaanza, lile tunalojua leo kama AMREF.

McIndoe alifariki Aprili 1960 akiwa na miaka 59. Gillies alimfunza yeye, naye akafunza Wood na Rees. Kwa hivyo ukiona ndege ya Flying Doctors ikipaa kutoka Wilson, jua hiyo safari ilianzia mbali, kwa daktari aliyefika London akiwa hana kazi na akakubali kuanza chini.