Padre wa mimea na maneno



Mwaka jana nilianza daftari. Kila Jumamosi shambani kwetu Nanyamba nilikuwa nachora jani, ua, na mdudu niliyemkuta juu yake, halafu namuuliza bibi majina yao. Nilichora mkorosho na mbu wa mikorosho, nikachora mkwaju, kisha nikachoka. Rafiki zangu walikuwa wananicheka, basi nikalitupa juu ya kabati. Mwezi wa nane bibi akafariki. Majina yaliyobaki nitamuuliza nani sasa?

Nikiwa na majuto hayo ndipo nikasoma habari za Padre Charles Sacleux.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1856, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1879, bado kijana kabisa, alitumwa Zanzibar. Akafanya utume huko na Bagamoyo karibu miaka 20. Pamoja na utume, alikusanya vitu viwili: mimea na maneno.

Mmea wa aina hiyo hubanwa katikati ya karatasi mpaka ukauke, ukaandikiwa maelezo yake. Yake ilipelekwa makumbusho ya viumbe asilia, Paris. Mmea uliokaushwa vizuri ni kama picha: mtaalamu aliye mbali anauchunguza, hata kuuchora, bila kukanyaga Afrika. Jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki imepewa jina lake, Sacleuxia.

Lakini hakuishia kwenye majina ya kitaalamu. Katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, majina ya mimea yamejaa, la Kiswahili na la kisayansi pamoja. Padre hakuzaliwa nayo majina hayo. Aliyapata kwa wenyeji, watu kama bibi yangu.

Mwaka 1898 akarudi Ufaransa, kamusi haijatoka. Akafundisha waseminari, akaendelea kuandika. Mwaka 1909 vikatoka vitabu vyake vya sarufi. Kamusi yenyewe ilianza kutoka mwaka 1939, ikakamilika 1941. Piga hesabu: zaidi ya miaka 40 tangu aondoke pwani yetu! Alikuwa mzee wa miaka 80 na ushee. Mwaka 1943 akafariki.

Mimi miezi mitatu tu ilinishinda.

Simleti kwenu kama mtakatifu wa altareni. Namleta kwa sababu alikuwa mwaminifu katika jambo dogo, wakati hakuna aliyempigia makofi. Kumbe hata kuuliza jina la jani ni namna ya kumshukuru Muumba.

Jumapili baada ya Misa nililishusha lile daftari, nikafuta vumbi. Mdogo wake bibi bado yupo, na Jumamosi nakwenda kwake. Nawe wiki hii mtafute mzee mmoja, umuulize jina la mmea mmoja tu, uliandike.

Ee Bwana, utujalie uvumilivu katika kazi ndogo ulizotupa. Amina.