Charles Fey na Kengele Tatu

Charles Fey alizaliwa Bavaria, Ujerumani, mwaka wa 1862. Alihamia Marekani angali kijana, akawa fundi wa mitambo mjini San Francisco. Ni huko, mwishoni mwa karne ya 19, alikobuni Liberty Bell, mashine ya kamari yenye magurudumu matatu. Mchezaji alitumbukiza senti tano, akavuta mkono wa chuma, akangoja. Tuzo kubwa kabisa, ya kengele tatu zilizojipanga, ilikuwa senti hamsini.

Msomaji na apige hesabu. Gurudumu likiwa na vituo kumi na kengele moja tu, kengele tatu hukutana, kwa wastani, mara moja katika mizunguko 1,000. Wala mashine haimkumbuki aliyekwisha kupoteza. Kila mzunguko huanza upya.

Fey hakupenda kuuza mashine zake. Aliziweka katika baa, akagawana mapato nusu kwa nusu na wenyeji. Mwaka wa 1909 mji huo ulizipiga marufuku. Mwenyewe alifariki mwaka wa 1944, lakini hesabu yake ingali hai. Anayecheza na atenge kiasi ambacho hatakililia, kikiisha, aondoke. Mwenye mashine hahitaji bahati.