Bell wa Karamoja na Bei ya Bunduki

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hili lina busara kubwa, lakini tukilichukua bila ya kulipima laweza kutupotosha. Yuko achaguaye jembe kwa kuwa anajua kulima, na yuko alichaguaye ili jirani amwone nalo. Ndivyo ilivyo kwa bunduki za fahari, na ndivyo ilivyo kwa magari ya mbio: wapenzi wake hutoa fedha nyingi, nasi tulio pembeni hubaki tukijiuliza kama vitu hivyo vina thamani ya bei yake. Leo twapenda kuwaletea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo katika pande hizi za Afrika Mashariki. Mtu huyo ni Walter Dalrymple Maitland Bell, ambaye jina la Karamoja, nchi iliyoko kaskazini-mashariki ya Uganda, lilimganda hata akajulikana kwalo ulimwenguni.

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880 katika jamaa yenye uwezo. Wazazi wake walifariki angali mtoto mdogo, na masomo hayakumkaa moyoni. Alipotimiza umri wa miaka 13 alikwisha kwenda baharini. Kabla hajafikia miaka 20 alifika Afrika Mashariki, akapewa kazi ya kuwapiga simba waliokuwa wakiwasumbua wajenzi wa Reli ya Uganda. Kisha alivuka dunia hadi Klondike, huko Kanada, akawinda ili kuwauzia nyama wachimba dhahabu. Mshirika wake akatoroka na fedha, naye akalazimika kuiuza hata bunduki yake. Mtu aliyewahi kuuza chombo cha kazi ili apate riziki huijua vyema tofauti baina ya bei na thamani. Alijiunga na jeshi la Kanada, akapelekwa kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, na vita vilipokwisha akarejea Afrika Mashariki.

Mwaka 1902 Bell aliandaa msafara kutoka Mumias, mji ambao zama hizo ulikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiswahili waliokwenda bara kutafuta pembe. Akapita chini ya mlima Elgon, akaingia Karamoja. Huko alimpata mwenyeji mmoja jina lake Pyjale, hodari wa mkuki na wa kufuata nyayo, akawa sahibu yake porini. Bell aliwaahidi wenyeji ng'ombe kwa kila habari ya kweli ya ndovu dume aliyeuawa kutokana nayo. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mali, mahari na heshima, ahadi hiyo ilifanya kazi kuliko fedha.

Sasa na tuitazame bunduki yenyewe. Wakati huo wawindaji wenye jina walishika bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa London. Kubwa kabisa katika hizo ilikuwa na kipenyo cha milimita 15 hivi, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 58. Bei yake ilikuwa kubwa mno, lakini haikuwa bei ya udanganyifu. Fundi aliiunga mitutu hiyo miwili kwa mkono, akaijaribu na kuirekebisha tena na tena, mpaka yote miwili ikapiga mahali pamoja. Mwenye bunduki hiyo, akishambuliwa na mnyama katika kichaka kinene, hupata risasi ya pili papo hapo bila ya kugusa kitu ila kifyatulio. Kwa mtu wa hali hiyo, roho yake ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba ni ghali.

Bell naye alianza na bunduki ya mitutu miwili, ingawa si ile kubwa kupita zote, pamoja na nyingine nyepesi ya namna ya kijeshi. Alizitumia zote mbili, akayaangalia matokeo. Akaona ya kuwa ndovu aliyepigwa penye ubongo huanguka mara moja, iwe risasi ni nene au nyembamba. Na aliyepigwa pasipo hukimbia, hata kama risasi ni nzito namna gani. Basi akalipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi na mfupa una unene gani. Tangu hapo alipendelea bunduki ya mtutu mmoja ya milimita 7, yenye mtambo wa Mauser, ambayo huingizwa risasi kwa kuvuta komeo. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Ilikuwa nyepesi begani, haikumpiga teke la kumtia hofu, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile za fahari.

Lakini asidhani msomaji kwamba Bell alikuwa mtu wa kupenda rahisi. Bunduki zake za milimita 7 zilitoka kwa John Rigby wa London, mtengenezaji mwenye sifa. Kuhusu risasi alikuwa mkali zaidi: bunduki ambayo risasi zake zilipasuka au kuchelewa kuwaka aliiacha, hata kama aliipenda. Alichokataa kulipia ni ukubwa na fahari. Alichokubali kulipia ni uaminifu wa chombo.

Na iko gharama nyingine ambayo haiandikwi katika orodha ya bei. Bell alibeba bunduki yake mwenyewe badala ya kumwachia mpagazi, na kutwa alifanya mazoezi ya kulenga. Kwa hesabu yake, kila ndovu dume alimgharimu mwendo wa maili 73, yaani kilomita 117 kwa miguu, na katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Hiyo ndiyo bei aliyoilipa, wala hakuna duka lililoweza kumuuzia ustadi huo. Waliomwiga kwa kununua bunduki nyembamba tu, bila ya miguu yake na jicho lake, walijihatarisha na kuwaacha wanyama na majeraha. Baadaye sheria za Afrika Mashariki zikaweka kipimo cha chini cha bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, na sisi twaona ilikuwa haki, kwani sheria hutungwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Katika vita vya kwanza vya dunia Bell alikuwa rubani, akatumika Tanganyika na kutunukiwa nishani. Mwishowe alirudi Scotland. Na hapa pana jambo la kufikirisha: mtu huyu aliyeikwepa bunduki ya fahari, mnamo 1934 alijengewa jahazi la chuma la mashindano, Trenchemer, akashindana nalo pamoja na mkewe mpaka vita vya pili vilipozuka. Kumbe hakuchukia kitu cha ghali. Porini alinunua chombo cha kazi, baharini alinunua furaha, wala hakukichanganya kimoja na kingine. Mwenye kununua gari la mbio akijua kwamba ananunua furaha hajadanganyika. Amedanganyika yule adhaniaye kwamba gari hilo litamfanya dereva.

Bell alifariki mwaka 1954. Hesabu yake ilikuwa ndovu 1,011, na kiasi cha 800 kati yao waliangushwa na ile bunduki ya milimita 7. Hapo ndipo hesabu ya bei inapotugeukia. Bunduki ilikuwa rahisi kwa Bell, lakini kwa Karamoja ilikuwa ghali, maana pembe zilikwenda ng'ambo. Bunduki nazo zilizidi kuingia: mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Bei ya silaha hizo ililipwa na wajane na mayatima.

Nchini Rwanda, katika Bugeshi ya Rubavu, mashamba yanapakana na hifadhi ya volkeno chini ya mlima Karisimbi, na hapo twaona hesabu ya namna nyingine. Tangu mwaka 2017 mgeni hutozwa dola 1,500 kuwatazama sokwe wa milimani kwa muda wa saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaoishi kando yake. Mgeni huyo haondoki na pembe wala ngozi, na kesho yake mnyama yule yule yupo kumpokea mwingine. Basi anayetaka kujua kama chombo kina thamani ya bei yake, asiishie kuuliza kimeuzwa kiasi gani. Aulize pia kinakwenda kufanya kazi gani, mkononi mwa nani, na ni nani atakayelipa kilichosalia.