Maria Montessori: daktari aliyemwachia mtoto afanye mwenyewe

Jina la Montessori liko kwenye vibao vya skuli za watoto wadogo kila pahala: Muscat, Dubai, Dar es Salaam, na huku Sydney ninakokaa, mtaa wa Villawood. Wazazi wanalilipia ada kubwa, lakini ukiwauliza ni jina la nani, wengi watakwambia ni aina ya skuli tu. Mie nililisikia mara ya kwanza kwa masista, nilipokuwa nasoma sekondari ya misheni. Leo nataka kukuelezeni huyo mwenye jina.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo wa Italia. Babake alipenda awe mwalimu. Yeye akataka udaktari, kazi ambayo siku hizo ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1896 akahitimu Chuo Kikuu cha Roma, miongoni mwa wanawake wa mwanzo wa nchi yake kufika hapo.

Kazi ilimpeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakifungiwa pamoja na wagonjwa watu wazima, hawana hata kitu cha kushika mkononi. Akasoma maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushika, kupanga na kupima. Baadhi ya watoto wale wakajua kusoma na kuandika, wakafaulu mitihani ya skuli za kawaida. Watu wakampongeza. Lakini yeye swali lake likawa jingine: ikiwa hawa wamefika hapa, basi hao wazima kinawazuia nini?

Jibu alilipata San Lorenzo, mtaa wa masikini wa Roma. Wenye majumba walikuwa wamekarabati majengo yao, na wazee wakitoka kwenda kazini watoto wanabaki wakichafua kuta na ngazi. Wakatafuta mtu wa kuwaweka pamoja. Tarehe 6 Januari 1907 Montessori akafungua chumba, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Walikuwa kiasi cha 50.

Hakuanza na kanuni, alianza na kutazama. Akaona mtoto akipewa meza ya kimo chake na kazi ya kweli ya mikono yake, hutulia peke yake. Wanasesere wazuri walioletwa na mabibi matajiri waliachwa pembeni. Siku moja kabati halikufungwa, watoto wakajichukulia vifaa wenyewe, wakafanya kazi zao, na tangu hapo makabati yakawa wazi. Siku nyingine akawafundisha kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu, bila ya kumcheka mtu, wakampigia makofi. Akafahamu kwamba mtoto mdogo naye ana heshima yake, na kila siku anakaripiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemwonesha. Wakapapasa kwa vidole herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, na wengi wakaandika kabla ya kusoma.

Mafunzo yake kwa ufupi: msaada usiohitajika humzuia mtoto kukua. Hapa ndipo panapotugusa sisi. Katika nyumba zetu nyingi za Ghuba, khadama anamvisha mtoto viatu, anamlisha kwa kijiko, anamwokotea kila alichokiangusha. Tunaona ni mapenzi. Kisha mtoto huyohuyo wa miaka mitatu tunataka akae kimya aandike ABC ukurasa mzima. Tumembebea alichokiweza, tukamtwika asichokiweza.

Na msidhani mambo haya ni ya kigeni mno. Chuoni kwetu kila mtoto alikuwa na pahala pake alipofika katika juzuu, mkubwa akimsomesha mdogo, wote kwenye mkeka mmoja. Montessori naye alichanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, kila mmoja akenda kwa mwendo wake. Bakora tu ndiyo hakuikubali.

Habari zilienea upesi. Hapa Sydney, Martha Simpson, mwalimu wa skuli ya Blackfriars, alianza kuijaribu njia hiyo mwaka 1912, na mwaka uliofuata serikali ikampeleka Roma akasome kwa Montessori mwenyewe.

Maisha yake lakini hayakuwa mepesi. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, bila ya ndoa. Kwa kuogopa aibu na kupoteza kazi, mtoto akapelekwa kulelewa shamba. Mama aliyewafunza walimwengu kumtazama mtoto, wa kwake alimwona kwa ziara tu mpaka kijana alipokuwa na miaka kiasi cha 15.

Mussolini alimsaidia kwanza, kisha mwaka 1934 wakagombana, akaondoka Italia. Mwaka 1936 vita vya Uhispania vikamtoa Barcelona. Mwaka 1939 akenda Madras, India, kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimtia Mario kambini kwa kuwa raia wa nchi adui, na mama akazuiwa kutoka pale alipokaa. Siku alipotimiza miaka 70 ndipo walipomrejeshea mwanawe. Sisi wa Villawood, ambao mtaa wetu unajulikana kwa kituo cha kuwazuilia wageni, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa mama huyo. Naye aliendelea kufundisha, akatoa India walimu zaidi ya elfu moja.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi.

Jina lake halilindwi na sheria katika nchi nyingi, kwa hivyo yeyote anaweza kulitundika mlangoni. Kabla ya kulipa ada, ingia darasani, ukae kimya robo saa. Tazama kama vitu viko mahali mtoto anapofikia, kama anachagua kazi na kuirejesha mwenyewe, na kama mwalimu anatazama zaidi kuliko anavyosema. Ukirudi nyumbani, mwambie khadama viatu vya mtoto aviache chini, mtoto avae mwenyewe. Mtachelewa kutoka kwa dakika kumi. Si neno, msubirini.