Maisha ya Ray Charles, mwimbaji kipofu

Siku hizi mu korali tunabishana: sauti yenye kuimbia Mungu inaweza kuimba pia mambo ya dunia? Mabishano hii si ya leo. Tuone maisha ya Ray Charles, mwimbaji mweusi wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1930 kule Albany, jimbo la Georgia, akakomea Greenville, Florida. Alikuwa angali mutoto mudogo wakati ndugu yake George alizama mu beseni ya kufulia. Alijaribu kumutoa, akashindwa. Kiisha macho ikaharibika, na akiwa na miaka 7 hakuona tena. Mama yake, aliyefulia watu nguo, hakumuonea huruma ya bure: alimupasulisha kuni na kumufagilisha nyumba sawa watoto wengine. Mu masomo ya vipofu kule St. Augustine alijifunza kusoma muziki kwa vidole. Mama akafa mwaka 1945, naye akatafuta mukate kwa piano, hata na kundi la Wazungu wenye kupiga country, nyimbo za watu wa mashamba alizosikiliza mu redio kila siku ya posho.

Kelele ilianza na « I Got a Woman », mwaka 1954. Alitwaa muziki wa wimbo wa Kanisa, akaweka mwanamuke pahali pa Yesu. Wahubiri wakakasirika, na sisi hatuwacheki: walijua ile sauti inatoka wapi. Lakini ni vile soul ilizaliwa.

Mwaka 1961, kule Augusta, Georgia, walipanga Wazungu wacheze chini, weusi wakae juu. Wanafunzi wa Paine College wakamujulisha kwa telegramu. Akakataa kuimba, na tribinali ikamulipisha. Mwaka 1962 akaimba country. Wakubwa wa kampuni waliogopa atapoteza wasikilizaji, lakini kontra ilimuachia kuchagua. Disiki ile ikakaa ya kwanza mu Marekani juma 14!

Tusifiche: karibu miaka 20 alikuwa mutumwa wa heroini. Walimukamata Boston mwaka 1964. Mwaka 1965 akaingia hospitali, akaiacha.

Mwaka 1979 Georgia ileile ikachagua « Georgia on My Mind » kuwa wimbo wa jimbo, na wabunge wakamuita auimbe mbele yao. Alikufa tarehe 10 Juni 2004, na disiki yake ya mwisho ikatoka kiisha maziko.